Irabu, Mapokeo na Mamlaka ya Matini: Historia ya Alama za Irabu katika Maandishi ya Kiebrania

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi andishi aghalabu huanza kwa kuchukulia kwamba matini ni kitu kilichokwisha kukamilika: maneno yamo ukurasani, na jukumu la mhakiki ni kuyafasiri. Historia ya maandishi ya Kiebrania inautia msingi huu katika mizani. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, vitabu vitakatifu vya Wayahudi, ambavyo Wakristo walivirithi kwa jina la Agano la Kale, vilinakiliwa kwa konsonanti pamoja na herufi chache tu zilizodokeza irabu. Sehemu kubwa ya irabu, ambazo bila ya hizo hakuna neno linaloweza kutamkwa, haikuwamo ukurasani. Ilikuwamo vinywani mwa wasomaji na masikioni mwa wanafunzi wao. Alama zilizokuja kuziwakilisha, ambazo kwa Kiebrania huitwa nikudi, yaani utiaji wa nukta, zilibuniwa takriban baina ya karne ya 7 na ya 10 B.K., wakati ambapo Kiebrania hakikuwa tena lugha ya mazungumzo ya kila siku.

Makala haya yanafuatilia historia ya alama hizo: hali ya usomaji kabla hazijabuniwa, kazi ya wanazuoni waliozibuni, na mzozo uliozuka juu yake huko Ulaya katika karne ya 16 na ya 17. Hoja inayotetewa ni kwamba alama za irabu ndizo ufafanuzi wa kwanza wa Biblia ya Kiebrania uliokamilika neno kwa neno. Kila nukta ni uamuzi kuhusu maana. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba wanazuoni waliozitia nukta hizo waliuandika uamuzi wao pembezoni mwa herufi, juu yake na chini yake, bila kuibadilisha hata herufi moja waliyoirithi. Kwa hiyo, matini na uamuzi juu ya matini viliweza kuonekana pamoja, kila kimoja mahali pake. Jambo hili lina funzo kwa mhakiki yeyote anayeshughulika na miswada iliyoandikwa kwa hati zenye asili ya Kisemiti, miswada ya Kiswahili ikiwamo.

Konsonanti na kinywa cha mwalimu

Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, zote za konsonanti. Mfumo huu unalandana na muundo wa lugha za Kisemiti, ambamo maana ya msingi hubebwa na mzizi wa konsonanti, aghalabu tatu, ilhali irabu huonyesha kategoria za kisarufi na kuyatenganisha maneno yanayotokana na mzizi mmoja. Mzungumzaji wa Kiswahili anaifahamu sifa hii kupitia maneno ya mkopo kutoka Kiarabu: kitabu, katibu na maktaba yote yanatokana na mzizi k-t-b.

Tangu zamani, waandishi wa Kiebrania waliona haja ya kumsaidia msomaji. Walitumia herufi alefu, he, vavu na yodi kudokeza baadhi ya irabu, hasa zile ndefu. Maandishi yaliyochongwa katika handaki la maji la Siloamu mjini Yerusalemu, ambayo hukadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 8 K.K. na yaliyogunduliwa mwaka 1880, yana matumizi machache ya herufi hizo. Magombo ya Kumrani, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, yanaonyesha kuwa baadaye matumizi hayo yalipanuka sana. Gombo kubwa la Isaya huweka vavu na yodi katika maneno mengi ambayo katika nakala za baadaye hayana herufi hizo. Hata hivyo, msaada huu ulikuwa na kikomo. Vavu moja iliweza kusomwa kama o, kama u, au kama konsonanti, na irabu nyingi fupi zilibaki bila alama yoyote.

Matokeo yake yanadhihirika katika tafsiri ya Kigiriki iitwayo Septuaginta, ambayo ilianza kutayarishwa Alexandria katika karne ya 3 K.K. Katika Mwanzo 47:31, Yakobo aliyezeeka anainama. Konsonanti m-t-h zinaweza kusomwa "mitta", yaani kitanda, au "matte", yaani fimbo. Usomaji uliokuja kuandikwa na wanazuoni wa Kiyahudi ni kitanda; watafsiri wa Kigiriki walisoma fimbo. Waraka kwa Waebrania 11:21 unafuata Kigiriki. Ndiyo sababu msomaji wa Biblia ya Kiswahili humkuta Yakobo kitandani katika kitabu cha kwanza cha Biblia, kisha humkuta na fimbo katika Agano Jipya. Wafasiri wa Kiswahili hawakukosea mahali popote. Kila mara waliifuata asili iliyokuwa mbele yao, na asili hizo mbili zilitofautiana katika irabu tu.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mzizi d-b-r unaweza kusomwa "davar", yaani neno, au "dever", yaani tauni. Katika Isaya 9:8, usomaji wa Kiyahudi unasema kuwa Mungu alipeleka neno juu ya Yakobo. Septuaginta inasema alipeleka kifo. Katika Habakuki 3:5 mambo yamegeuka: usomaji wa Kiyahudi una tauni inayomtangulia Mungu, nayo Septuaginta ina neno. Jerome, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini huko Bethlehemu mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, aliutaja utata huu katika ufafanuzi wake wa Habakuki. Alieleza kuwa herufi ni zilezile tatu, na kwamba maana hutegemea namna zinavyosomwa. Katika maelezo yake mengi kuhusu matamshi ya Kiebrania hataji popote alama zilizoandikwa ambazo zingeuondoa utata huo. Aliwategemea walimu wake wa Kiyahudi, kama mwanafunzi yeyote wa wakati wake alivyolazimika kufanya.

Hatari ya kumtegemea mwalimu ilijulikana vyema na Wayahudi wenyewe. Talmudi ya Babeli, katika sehemu iitwayo Bava Batra, inasimulia kisa cha Yoabu, jemadari wa Mfalme Daudi, aliyewaua wanaume wa Edomu na kuwaacha wanawake. Daudi alipomhoji, Yoabu alijibu kuwa Torati inaamuru kufutwa kwa "zakhar" wa Amaleki, yaani wanaume wake. Daudi akamwambia kuwa neno hilo husomwa "zekher", yaani kumbukumbu, na kwamba amri ilihusu kabila zima. Yoabu akamwendea aliyemfundisha kusoma utotoni, akamwuliza, naye mwalimu akakiri kuwa alimfundisha kusoma "zakhar". Hapo Yoabu akachomoa upanga. Talmudi inatoa kauli mbili kuhusu hatima ya mwalimu huyo: moja kwamba aliuawa, na nyingine kwamba aliachwa hai. Msomaji wa Kiswahili ana maneno mawili ya mkopo kutoka Kiarabu yenye nasaba na maneno hayo ya Kiebrania, nayo ni dhikiri na dhakari. Umbali uliopo baina ya maneno haya mawili unatosha kuonyesha uzito wa kosa lenyewe.

Kisa hiki hakichukuliwi hapa kuwa ushahidi wa mambo yaliyotukia zama za Daudi. Ni ushahidi wa mawazo ya jamii iliyokisimulia. Kwa jamii hiyo, irabu zilikuwa amana iliyokabidhiwa mwalimu wa watoto, na kosa lake liliweza kuamua ni nani wa kuishi na nani wa kufa.

Marabi walilijadili pia swala la kisheria linalotokana na hali hii. Palipokuwa na tofauti baina ya neno linavyosomwa na neno linavyoweza kusomeka kwa kuzifuata konsonanti peke yake, ni lipi lililokuwa na nguvu? Kulikuwa na kanuni mbili zilizopingana. Ya kwanza ilisema kuwa "usomaji una mama". Ya pili ilisema kuwa "mapokeo ya maandishi yana mama". Neno mama hapa lina maana ya asili au msingi wa kutegemewa. Katika sehemu iitwayo Sanhedrini, wanafunzi wa Rabi Yehuda ben Roetz walimwuliza kuhusu Mambo ya Walawi 12:5, ambapo mwanamke aliyejifungua binti huwa najisi kwa muda fulani. Konsonanti zinaweza kusomwa "shevuayim", majuma mawili, au "shivim", sabini. Je, muda huo usiwe siku sabini? Rabi aliwajibu kwanza kwa hoja ya mantiki iliyolinganisha sheria ya mtoto wa kiume na ya mtoto wa kike. Walipokwisha kuondoka, aliwafuata na kuwaambia kuwa hoja ile haikuhitajika: neno husomwa "shevuayim", na usomaji una mama. Siku 14 au siku 70 za maisha ya mzazi zilitegemea irabu ambazo hakuna aliyeziandika.

Kwa upande mwingine, utupu huo baina ya konsonanti ulikuwa chemchemi ya ubunifu. Marabi walikuwa na mbinu ya ufafanuzi iliyoanza kwa maneno "usisome hivi, bali hivi". Torati inaposema kuwa maandishi ya Mungu "yamechorwa" juu ya mbao za mawe, neno likiwa "harut", ufafanuzi mmoja unamwelekeza msomaji asome "herut", uhuru. Isaya anapotaja watoto wako, "banayikh", msomaji anaambiwa asome "bonayikh", wajenzi wako. Ingekuwa makosa kudhani kuwa mbinu hii inathibitisha kuwa usomaji haukuwa na uthabiti. Kinyume chake, anayesema "usisome hivi" anakiri kuwa kuna "hivi" inayojulikana na wote. Mchezo wa maneno ulipata ladha yake kwa sababu usomaji uliokubalika ulikuwa umekaa imara akilini mwa wasikilizaji.

Wamasora na uandishi wa sauti

Uthabiti wa aina hiyo hutegemea jumuiya hai ya wasomaji. Kufikia karne ya 7 B.K., jumuiya hiyo ilikuwa imetawanyika. Wayahudi wengi wa Mashariki walikuwa wamezungumza Kiaramu kwa karne kadhaa, na baada ya kuenea kwa dola ya Kiislamu wakaanza kuzungumza Kiarabu. Kiebrania kilidumu katika ibada, elimu na utungaji. Wakati huohuo, majirani zao walikuwa wakikabiliana na tatizo lilelile. Wakristo wa Kisiria walikuwa wakitumia nukta kubainisha usomaji wa maandiko yao. Miongoni mwa Waislamu, mapokeo humtaja Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 688, kuwa mwanzilishi wa nukta za irabu katika Kurani, na alama zinazotumika hadi leo huhusishwa na al-Khalil ibn Ahmad wa karne ya 8, mwanazuoni yuleyule anayetambuliwa kuwa mwasisi wa elimu ya arudhi. Hati tatu za eneo moja zilipata alama za irabu katika kipindi kinachokaribiana, na ni vigumu kuamini kuwa wahusika hawakuwa na habari za wenzao.

Wanazuoni wa Kiyahudi waliofanya kazi hii wanaitwa Wamasora, kutokana na neno Masora, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mapokeo. Mifumo mitatu ilizuka. Mfumo wa Babeli na mfumo wa Palestina uliweka alama juu ya herufi. Mfumo wa Tiberia, mji ulio ufuoni mwa Bahari ya Galilaya, uliweka alama zake nyingi chini ya herufi. Mfumo wa Palestina ulikuwa umesahaulika kabisa hadi vipande vyake vilipotambuliwa miongoni mwa karatasi za ghala la sinagogi la Ben Ezra, Kairo, ambazo sehemu yake kubwa ilipelekwa Cambridge na Solomon Schechter mnamo 1896-97.

Mifumo hii haikuwa njia tatu za kuandika matamshi mamoja. Mfumo wa Tiberia unatofautisha irabu saba. Mfumo wa Babeli una alama moja mahali ambapo Tiberia ina mbili, pataha na segoli. Nakala nyingi za mfumo wa Palestina hubadilishana alama kwa namna inayoonyesha kuwa waandishi wake walitamka irabu tano tu, idadi ileile iliyomo katika Kiebrania cha leo na katika Kiswahili. Kila mfumo ulihifadhi sauti ya jumuiya yake. Mfumo wa Tiberia ulipoishinda mingine, kilichoshinda kilikuwa usomaji wa mji mmoja, ukawa ndio usomaji wa Wayahudi wote katika maandishi, hata miongoni mwa jumuiya ambazo hazikuweza tena kutamka tofauti zote zilizoandikwa.

Ushindi huo unahusishwa na ukoo wa Ben Asheri, ulioifanya kazi ya Masora kwa vizazi kadhaa. Mwakilishi wake mashuhuri, Aharon ben Moshe ben Asheri, aliishi katika karne ya 10. Kazi yake inaonekana katika Msahafu wa Aleppo, ulioandikwa karibu mwaka 930. Neno msahafu linafaa hapa, kwani Wayahudi wa wakati huo walikiita kitabu cha kurasa kwa jina lilelile walilolikopa kutoka Kiarabu, ili kukitofautisha na gombo. Mapokeo yanayohusu msahafu huo yanasema kuwa konsonanti ziliandikwa na Shelomo ben Buyaa, nazo irabu, alama za lahani na maelezo ya Masora zikatiwa na Aharon ben Asheri. Watu wawili walishughulikia ukurasa mmoja: wa kwanza alinakili yaliyorithiwa katika maandishi, na wa pili akaandika yaliyorithiwa katika sauti.

Heshima waliyoipa herufi inadhihirika zaidi katika utaratibu wa "kiandikwacho" na "kisomwacho". Palipokuwa na tofauti baina ya neno lililoandikwa na lile lililosomwa, Wamasora hawakulisahihisha neno lililoandikwa. Waliziacha konsonanti zake, wakazitia irabu za neno lililosomwa, kisha wakaeleza pembezoni. Hata jina Yehova, linalojulikana vyema na wasomaji wa Biblia za Kiswahili, limetokana na utaratibu huu. Jina la Mungu la konsonanti nne halikutamkwa. Badala yake msomaji alisema "Adonai", yaani Bwana. Wasomaji wa Kikristo wa baadaye walizichukua konsonanti za jina moja wakaziunganisha na irabu za jina jingine, na umbo ambalo halikukusudiwa kutamkwa likawa jina.

Pembezoni mwa kurasa, Wamasora waliandika pia takwimu za maneno: neno hili limetokea mara ngapi kwa tahajia hii, ni wapi limeandikwa kwa vavu na wapi bila vavu. Lengo lilikuwa kumzuia mnakili wa baadaye asisawazishe matini kwa nia njema. Msahafu mwingine wa mapokeo hayo, ulioandikwa na Shemuel ben Yaakov huko Kairo mnamo 1008 au 1009 na unaohifadhiwa St. Petersburg, ndio wa kale zaidi uliobaki ukiwa na Biblia nzima ya Kiebrania, na ndio msingi wa toleo la kitaaluma la Biblia hiyo tangu mwaka 1937. Msahafu wa Aleppo haukubahatika hivyo. Mnamo Desemba 1947 sinagogi ulimohifadhiwa ilichomwa katika ghasia, na kurasa zake nyingi, zikiwamo karibu zote za Torati, zikapotea. Zilizosalia zilifikishwa Yerusalemu mwaka 1958.

Mzozo wa Ulaya

Kadiri karne zilivyopita, nukta zilizowekwa kulinda matini zilianza kuonekana kuwa sehemu ya matini. Wengi, Wayahudi kwa Wakristo, waliamini kuwa zilitolewa Sinai, au kwamba ziliwekwa na Ezra. Imani hiyo ilitikiswa na Elia Levita (1469-1549), Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Kiebrania nchini Italia, na ambaye miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Kadinali Egidio da Viterbo. Katika kitabu chake *Masoret ha-Masoret*, kilichochapishwa Venice mwaka 1538, Levita alionyesha kuwa Talmudi haizitaji alama hizo wala majina yake, na kwamba Ibn Ezra, mwanazuoni wa karne ya 12, alikwisha kuzihusisha na wanazuoni wa Tiberia. Akahitimisha kuwa alama zilibuniwa baada ya Talmudi kukamilika. Inafaa kusisitiza kwamba Levita hakusema kuwa usomaji wenyewe ulibuniwa. Kwake yeye, sauti ilikuwa ya kale na ilipokewa kwa uaminifu. Kilichokuwa kipya ni wino.

Tofauti hiyo haikudumu katika mijadala iliyofuata. Mwaka 1546, Mtaguso wa Trento ulitangaza kuwa tafsiri ya Kilatini, Vulgata, ndiyo yenye mamlaka katika Kanisa Katoliki. Waprotestanti walikuwa wameyajenga mafundisho yao juu ya Maandiko pekee katika lugha za asili. Baadhi ya watetezi wa Kanisa Katoliki waliiona nafasi. Ikiwa irabu za Kiebrania ziliwekwa na Wayahudi karne nyingi baada ya Kristo, basi Maandiko pekee hayatoshi. Bila ya nukta hayaeleweki kwa yakini, na pamoja na nukta yanategemea mapokeo ya wanadamu. Hoja hii iliwagusa Waprotestanti pale walipokuwa dhaifu.

Johann Buxtorf wa Basel alijibu mwaka 1620 kwa kitabu *Tiberias*, akitetea ukale wa nukta. Mwaka 1624 Louis Cappel, mwalimu wa Kiprotestanti katika chuo cha Saumur nchini Ufaransa, alimpinga kwa kitabu kilichochapishwa Leiden bila jina la mwandishi. Cappel alikubaliana na Levita kuhusu umri wa alama, lakini akaenda mbele zaidi: kwa kuwa nukta ni kazi ya wanadamu, mhakiki ana haki ya kuzipima, na pale ambapo muktadha au tafsiri za kale zinadai, anaweza kusoma konsonanti kwa irabu nyingine. Kwa maoni yake, hili halikuyahatarisha Maandiko, kwa sababu konsonanti pamoja na muktadha humwongoza msomaji makini. Mtoto wa Buxtorf, aliyeitwa Johann kama baba yake, alichapisha jibu refu mwaka 1648.

Mzozo ulifikia kilele chake mwaka 1675, wakati makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi yalipotoa tamko la imani lililodai kuwa matini ya Kiebrania ilivuviwa na Mungu katika konsonanti na katika irabu pia. Watunzi wa tamko hilo walikuwa waangalifu: walisema irabu zilivuviwa, ama nukta zenyewe, ama angalau nguvu ya nukta hizo. Kishazi hicho cha mwisho kinaonyesha kwamba hata waliotaka kuufunga mjadala walitambua kuwa Levita hakuwa amejibiwa. Miaka mitano kabla yake, Spinoza alikuwa amekwisha kuchapisha risala yake kuhusu teolojia na siasa, ambamo aliitaja hali ya Kiebrania kuandikwa bila irabu kuwa chanzo kimojawapo cha utata, na nukta kuwa ni fasiri za watu wa baadaye, zisizo na mamlaka kuliko fasiri nyinginezo. Katika karne ya 18 tamko la Uswisi liliachwa.

Ushahidi uliopatikana baadaye umempa Levita haki kwa kiasi kikubwa. Magombo ya Kumrani hayana nukta za irabu. Kwa upande mwingine, maneno ya Kiebrania yaliyonukuliwa kwa herufi za Kigiriki katika kazi ya Origen, mwanateolojia wa karne ya 3, yana irabu zinazokubaliana na za Tiberia mahali pengi na kutofautiana nazo mahali pengine. Alama ni za baadaye. Usomaji zinaouwakilisha kwa sehemu kubwa ni wa kale, ingawa ulipitia mabadiliko ambayo lugha yoyote hupitia.

Uamuzi unaoonekana na uamuzi uliofichika

Kutokana na historia hii, pande zote mbili za mzozo wa karne ya 17 zilikuwa na upungufu mmoja. Waliozitetea nukta kuwa wahyi walizikweza hadi zikawa matini. Waliozidharau, kama Spinoza, walizishusha hadi zikawa maoni tu. Wamasora wenyewe hawakuzichukulia hivyo wala vile. Kwao, nukta zilikuwa ushahidi wa jumuiya kuhusu namna matini ilivyosomwa, ushahidi wenye uzito mkubwa, lakini uliotenganishwa na kile ulichokishuhudia. Hadi leo, gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi haliruhusiwi kuwa na nukta. Msomaji hujiandaa kwa kitabu chenye irabu, kisha husoma hadharani kutoka kwa gombo lisilo nazo. Kiebrania cha kisasa nacho huandikwa bila nukta katika magazeti na riwaya, ilhali vitabu vya watoto, vya sala na vya ushairi hutiwa nukta, kwa sababu huko sauti haiwezi kuachwa ikisiwe.

Swala hili linawahusu moja kwa moja wahakiki wa fasihi ya Kiswahili ya kale, ambayo iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati yenye nasaba na ya Kiebrania. Hata istilahi zinashuhudia undugu huo. Pataha ya Kiebrania na fataha inayofundishwa katika vyuo vya Kurani vya pwani zina mzizi mmoja wenye maana ya kufungua, yaani kufungua kinywa. Neno irabu lenyewe limetoka katika istilahi ya sarufi ya Kiarabu inayohusu miishio ya maneno. Tofauti ni kuwa tatizo la Kiswahili lilikuwa la namna nyingine. Miswada ya tenzi aghalabu ilitiwa alama za irabu, lakini alama za Kiarabu ni tatu, nazo irabu za Kiswahili ni tano. Kasra ilitumika kwa i na kwa e. Dhumma ilitumika kwa u na kwa o. Kwa hati hiyo, kiti na keti huweza kuandikwa sawasawa, na vivyo hivyo ona na una. Wanazuoni wa pwani hawakunyamaza juu ya upungufu huu. Mapendekezo ya Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl, yaliyochapishwa mwaka 1997, ni sehemu ya juhudi za kuufanya mwandiko huo utosheleze mahitaji ya Kiswahili.

Mhariri anayeuhamisha utenzi kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kirumi hufanya kazi ileile ya Wamasora, kwani huamua irabu. Hata hivyo, hati ya Kirumi huzipanga irabu na konsonanti katika mstari mmoja, kwa hadhi moja. Uamuzi wa mhariri huingia ndani ya neno, na msomaji wa toleo lililochapishwa hana njia ya kujua ni e ipi iliyotokana na ushahidi wa mswada na ipi iliyotokana na makisio. Mwanafunzi anayeuchambua mtindo wa mtunzi huenda akawa anauchambua mtindo wa mhariri.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa alama za irabu za Kiebrania zilizaliwa na hofu ya kupotea kwa usomaji uliotegemea kinywa cha mwalimu, kwamba zilihifadhi mapokeo ya kale kwa alama mpya, na kwamba mzozo wa Ulaya ulitokana na kushindwa kutenganisha mambo hayo mawili. Wamasora walifanya uamuzi katika kila neno la Biblia, wakaacha herufi zikiwa wazi kwa yeyote atakayetaka kuusaili uamuzi huo. Levita, Cappel na Spinoza waliweza kuuliza maswali yao kwa sababu hiyo tu. Wahariri wa miswada ya Kiswahili wanaweza kufuata mfano huo kwa kuchapisha picha ya mswada sambamba na matini ya Kirumi, au kwa kuonyesha pambizoni kila mahali ambapo hati ya asili iliruhusu usomaji zaidi ya mmoja. Gharama ya uchapishaji itaongezeka, na kurasa hazitapendeza macho kama ilivyozoeleka. Lakini miswada mingi imo katika mikono ya watu binafsi, wadudu na unyevu wa pwani vinaendelea kuila, na wazee wanaoweza kuisoma kwa ufasaha wanapungua mwaka hadi mwaka. Mswada ukishapotea, toleo lililochapishwa ndilo litakalobaki kuwa shahidi wake wa pekee.